Kijiko cha Cheri za Nyumbani

Mume wangu Tihomir ni mtu mwema, na nikishasema hivyo sina jema lingine la kumsemea mwezi wa sita.

Uani kwetu kuna mti wa cheri nyeupe alioupanda baba yake, marehemu Milisav, na kila mwaka cheri zake zinakuwa na funza. Dawa yake kijiji kizima kinaijua. Unaning'iniza mtini vibao vya njano vilivyopakwa gundi, mwezi wa tano, pale cheri zinapoanza kuacha ukijani, maana hapo ndipo inzi wao anakuja kutaga. Inzi anapenda njano, anatua, ananasa, basi. Tihomir huvining'iniza mwezi wa sita, cheri zimeshaiva na inzi keshataga na kwenda zake. Kisha husimama chini ya mti, mikono kiunoni, na kuniita.

"Unaona, Rosanda? Hakuna hata mmoja aliyenasa. Mwaka huu tumepona."

Nikimwambia tupulize dawa, ananijibu nyuki wake watakufa. Nikimwambia basi tuukate, hanisemeshi mpaka jioni, kana kwamba nimemwambia tukamfukue baba yake. Na nikimhimiza mwezi wa tano ungalipo, hunipa lile jibu lake la haraka haraka haina baraka. Sawa, lakini na ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, na matumbo yanayoumia ni yetu.

Miaka yote nilivumilia. Kwetu watu husema cheri za mwezi wa tano ni za mfungo wa kutokula nyama na za mwezi wa sita zina nyama ndani, tukacheka, tukala bila kuchungulia. Mwaka huu sikuwa na kicheko. Wazazi wa Ognjen walikuwa wanakuja kumposa binti yetu Dunja, na mgeni wa posa akiingia, kabla hajasema neno, anapewa kijiko kimoja cha slatko, yaani matunda mazima yaliyopikwa kwa sukari, na glasi ya maji. Hapo ndipo anapoipima nyumba. Na mama yake Ognjen, huyo Zagorka, sifa zake zilikuwa zimetangulia. Kaka yake Ognjen bado kapera, kwa sababu mama yao aliwahi kuinuka na kuondoka nyumbani kwa watu kwa ajili ya glasi yenye mafuta.

"Mama, nakuomba," Dunja aliniambia, macho yamemjaa machozi, "hicho kijiko kipite salama tu. Yule mama akikunja uso, Ognjen hatafungua mdomo. Namjua."

"Sasa mwanamume asiyefungua mdomo unamtakia nini?"

"Mama! Nampenda."

Basi, ningesema nini tena? Nikawaza kununua cheri safi sokoni. Mama mkwe wangu, Bosiljka, akanisoma usoni kabla sijasema.

"Slatko ya posa haitoki sokoni," akasema kutoka kwenye kochi lake. "Mgeni anaonja ua wako, haonji sukari. Mimi niliposwa kwa cheri za kwetu, nawe ukaposwa kwa cheri za kwenu."

"Mama, hizi zina funza."

"Zama zangu nazo zilikuwa nao. Tuliwatoa."

Tuliwatoa! Maana yake nitawatoa mimi. Nikajaza beseni maji, nikakoroga chumvi, nikazitumbukiza. Haikuchukua muda wakaanza kutoka, weupe, wakijinyonganyonga. Tihomir akapita, akachungulia.

"Mbona si wengi kama mwaka jana?"

"Wewe mwanamume, toka mbele yangu."

"Nasema tu. Ni maendeleo hayo."

Kidogo nimvike lile beseni. Nikakaa na pini ya nywele kutoa kokwa, cheri moja baada ya nyingine, na kila niliyoitoboa nikaichungulia. Funza mweupe ndani ya cheri nyeupe ni kama kutafuta punje ya wali kwenye maziwa. Shingo ikaniuma, macho yakaniwasha, na nilipomaliza kupika sikuweza kuapa kwamba wameisha. Nilihisi kulia kwa hasira. Chupa nzima ya slatko, inang'aa, nzuri kuitazama, na mimi mpishi naiogopa.

Kesho yake nikaaga nakwenda kwa daktari wa meno, nikapanda basi mpaka soko la mji wa Kraljevo na kurudi na cheri ngumu, safi, zisizo na mpangaji. Nikazipika mama mkwe akiwa amelala mchana. Chupa ya nyumbani nikaifunika kitambaa cheupe, ya sokoni kitambaa cha buluu. Nilikuwa nafunga kamba ya mwisho Tihomir alipoingia na kuuona mfuko.

"Hizi za nani?"

"Za sokoni. Na ukimwambia mama yako, utalala na nyuki wako."

Akaitazama ile chupa kama mtu aliyetukanwa. "Baba aliumwagilia ule mti kwa ndoo, Rosanda. Cheri za kununua hazitapita koo langu, wala la mgeni wangu."

"Koo lako lifunge. La mgeni niachie mimi."

Hakunijibu. Nilipaswa kujua. Tihomir asipojibu, ameshaamua.

Siku yenyewe nikapanga sinia kwa mikono yangu: glasi nilizozisugua mpaka zikalia, vijiko vidogo, chupa ya kitambaa cha buluu. Nikaingia chumbani kubadili blauzi. Nikasikia lango, nikasikia Tihomir akiwakaribisha rakija, pombe yetu kali ya matunda, nikasikia sauti ya mwanamke ikisema rakija baadaye. Nilipotoka, nikifunga kifungo cha mwisho, Dunja alikuwa amesimama mbele ya Zagorka na sinia. Pembeni ya chupa iliyo wazi kulikuwa na kitambaa. Cheupe.

Nikamtazama Tihomir. Akatazama dari.

Siku ya nyani kufa, miti yote huteleza. Kijiko kilikuwa kimeshaingia kinywani. Zagorka, mwanamke mnene mwenye nyusi nzito, alitafuna mara moja, akatafuna tena, akaacha kutafuna. Ognjen akainamisha kichwa. Dunja alinigeukia mimi. Nilitamani sakafu inimeze, na kabla haijanimeza nimtangulize Tihomir.

Zagorka akapeleka kidole kwenye ulimi, akatoa kitu kidogo cheupe, akakiweka ukingoni mwa kisahani. Sote tulikiona. Akameza kilichobaki, akanywa maji yote, akakitumbukiza kijiko ndani ya glasi.

"Cheri za wapi hizi?"

"Za hapa uani," Tihomir akajibu, kifua mbele, bila haya. "Mti aliupanda marehemu baba yangu."

"Mna vile vibao vya njano?"

"Tunavyo."

"Vinaning'inizwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Mwezi gani?"

Tihomir akakohoa. "Wa sita. Mwanzoni mwanzoni."

Zagorka akamgeukia polepole mumewe, Velizar, aliyekuwa amekaa kimya kofia magotini. "Umesikia? Mwezi wa sita. Miaka yote hii nilidhani dunia nzima ina mwehu mmoja, na ninaye mimi."

"Ilinyesha sana mwaka huu," Velizar akasema kwa sauti ndogo.

"Kweli kabisa, ilinyesha," Tihomir akadakia.

"Nyamazeni nyote wawili!" Tulisema pamoja, mimi na Zagorka, kwa pumzi moja.

Akanitazama. Nami nikamtazama. Akachukua kijiko kingine kwenye sinia, ingawa kila mtu anajua mgeni halambi mara mbili, akakichovya ndani ya chupa, safari hii akakiinua kwenye mwanga na kukikagua kwanza.

"Ulitumia chumvi, mkwe?" akaniuliza.

Mkwe! Na posa bado haijatajwa. Dunja akaketi chini palepale na sinia lake, na Ognjen, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akafungua mdomo, ingawa hakikutoka kitu.

"Nilitumia, mkwe," nikamjibu. "Na pini ya nywele."

"Niliwaambia," mama mkwe akasema kutoka kwenye kochi. "Za sokoni hazina ladha."

Wageni walipoondoka nikaenda kuitafuta chupa ya kitambaa cha buluu, nimpelekee jirani. Niliikuta bandani, nyuma ya mizinga ya nyuki, tupu, imelambwa mpaka chini, na ndani yake kijiko cha Tihomir.