Bunduki Iliyofungwa Mkanda

Bunduki ile niliichonga kwa mikono yangu, nyuma ya nyumba yetu ya Penrith, huku ugenini tulikohamia, kwa ajili ya gwaride la Sikukuu ya Uhuru wa Burundi. Mimi nilisomeshwa na mabruda waliotufundisha kupiga gwaride kabla ya kutufundisha kugawanya, nami katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila niliwafundisha watoto wa wenzangu vivyo hivyo. Kitako chake kilikuwa cha mti mgumu, mtutu niliutoboa kwa chuma cha moto, na yote niliipaka kiwi nyeusi ya viatu hadi ikang'aa. Sikuona sababu ya kuichonga ovyo eti kwa kuwa haitoi risasi.

Jumamosi tuliyokuwa twende kufanya mazoezi katika ukumbi wa Granville, serikali ikalifunga jiji kwa sababu ya korona. Tulikuwa tumekwisha kuingia garini. Mjukuu wangu Anésie akazima injini. Nikamwambia aiache bunduki kwenye kiti cha nyuma, maana niliamini zuio lile lisingepita siku chache. Tena, kwa kuwa katika nchi hii kila anayepanda gari sharti afungwe, niliifunga mkanda.

Jumatatu Anésie akaenda na gari hilo kazini, katika ghala la vyakula ambalo halikufungwa. Alikuwa bado katika miezi ya majaribio, na juma lile ndilo angepewa ajira ya kudumu au kunyimwa.

Langoni mwa maegesho, mlinzi alikuwa akiwapima wafanyakazi joto. Mtu huyo kutwa nzima huwaelekezea watu kwenye paji la uso kidude chenye umbo la bastola, wala hakuna anayemshtaki. Alipoinama dirishani kumpima Anésie, akaona nyuma yake mtutu umekaa wima kama abiria. Kidude kikamponyoka.

Simu yangu ikalia, nayo ilikuwa ya picha. Nikavaa barakoa, nikafunga kifungo cha juu cha shati, ndipo nikaipokea.

"Babu, polisi wako hapa," alisema Anésie. "Kazini hawaruhusu silaha hata ikiwa ndani ya gari lililofungwa. Na polisi wanasema sheria inakataza hata kitu kinachofanana na bunduki. Kinachosamehewa ni kitu cha mtoto cha kuchezea tu. Wana swali moja kwako. Naomba ujibu kwa ufupi."

"Mimi hujibu kwa ukamilifu."

"Najua, Babu. Ndiyo maana natetemeka."

Akamwelekezea simu askari mmoja, binti mwenye adabu, ambaye aliuliza kwa Kiingereza.

"Anauliza kama hiki ni kitu cha mtoto cha kuchezea," akatafsiri Anésie.

"Mwambie mimi sichongi vitu vya kuchezea. Mwambie akitazame kitako kwa makini."

Anésie akatafsiri kwa neno moja. Kiingereza changu ni kidogo, lakini ndiyo na hapana ninazitambua.

"Anésie, umesema ndiyo. Na kitako hukukitaja kabisa."

"Babu!" Juu ya barakoa macho yake yalijaa machozi. "Meneja wangu amesimama pale anasubiri. Ikiwa ni silaha, nafukuzwa leo hii. Unataka kitako kisifiwe, au unataka niwe na kazi?"

Sijapata kusema uongo mbele ya askari, wala sikukusudia kuanza siku hiyo. Nikageukia dirisha. Ndipo uani nikamwona kitukuu changu Arnaud, ambaye ndiye angeibeba bunduki ile gwarideni, amekipanda kipande cha mti kilichobaki, anakiendesha kama farasi. Jumamosi ile ile nilikuwa nimemkemea kwa kuipanda bunduki yenyewe namna hiyo. Kwa hiyo ilikuwa imekwisha kuchezewa, na mtoto, kwa ushahidi wa macho yangu mwenyewe.

"Ni kitu cha mtoto cha kuchezea," nilisema kwa Kiingereza.

Askari akaitazama tena. "Mbona basi inafanana hivi na ya kweli?" aliuliza, na Anésie akanitafsiria.

Nilikaribia kumshukuru.

Akatoa onyo. Bunduki ikarudishwa nyumbani kwa sharti kwamba isitoke tena mpaka ipakwe rangi ambayo haitamtisha mtu. Anésie akarudi kwenye makasha yake, na Ijumaa akathibitishwa kazini. Rangi aliichagua Arnaud.

Mwaka uliofuata, Sikukuu ya Uhuru, tulipiga gwaride Granville kwa bunduki ya waridi yenye nyota za manjano. Rafiki yangu Symphorien alicheka hadi akashikilia kiti.

"Salvator, jeshi gani hili?"

"Simama wima, wewe!" nilimwambia. "Kisha utazame kitako."

Akakitazama. Hata chini ya waridi ile, kilikuwa kimenyooka.

Na ukumbini ilifika imefungwa mkanda, kama kawaida.