Miwani ya Hakimu Tillery

Wakili Verlene Stallworth aliamka alfajiri kumwokea keki mtu aliyekuwa anamchimbia kaburi. Hakujua, maskini. Angejua angeitia chumvi.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya kujiandikisha kugombea, na katika kaunti ya Tallaway, kusini mwa Georgia, siku hiyo ina desturi yake. Hakimu Royce Tillery hajiandikishi Jumatatu kama binadamu wengine. Husubiri hadi Ijumaa, dirisha la ofisi ya uchaguzi likikaribia kufungwa saa sita mchana, ndipo aingie na watu wake wa mahakama, waile keki ya siagi ya Verlene, wapige soga, kisha atie sahihi. Miaka ishirini hajapata mpinzani. Kiti cha hakimu hakina chama. Kwenye karatasi ya kura ni jina tupu, na jina likiwa peke yake limeshashinda.

Verlene alikuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na tisa. Hukumu zote zilizompa mzee sifa aliziandika yeye. Mzee alitia sahihi tu. Mwaka huu alikata shauri kukitaka kiti mwenyewe. Akajaza fomu, akachukua hundi ya ada benki, akaenda kumwambia Hakimu uso kwa uso, maana ndivyo alivyolelewa.

"Verlene, binti yangu," mzee alimwambia barazani kwake, wakimenya karanga za kuchemsha, "nipe muhula mmoja tu wa mwisho. Nikimaliza, kiti ni chako. Nakuapia kwa kaburi la Clarice."

Clarice alikuwa mkewe, na ndiye aliyemlipia Verlene mtihani wa uwakili. Kiapo hicho nani angekibishia? Verlene akaikunja fomu, akaitia mkobani.

Basi Ijumaa hiyo wakakusanyika ofisi ya uchaguzi. Idella, msimamizi wa uchaguzi, anayeimba kwaya moja na Verlene, alikata keki bila kumtazama usoni. Mkwe wa Hakimu, Preston Gaddy, wakili wa juzijuzi tu, alikuwa ameegemea ukuta.

"Eh, Preston! Na wewe umefuata keki?"

"Keki yako nani ataikosa, Mama Verlene?"

Ilipobaki robo saa, Hakimu akajipapasa mifuko ya suruali. "Lo! Miwani nimeiacha chemba, ofisini kwangu. Verlene, kimbia ukaniletee, mama. Bila miwani nitatia sahihi kwenye keki."

Watu wakacheka. Verlene naye akacheka, akaacha mkoba kitini, akatoka mbio na viatu vyake virefu, akavuka uwanja hadi mahakamani. Akatafuta mezani, kwenye droo zote, chini ya Biblia, mifukoni mwa joho. Hakuna kitu. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya mtu mwingine saa ya mnarani ilipogonga mara kumi na mbili.

Alirudi anahema. "Mheshimiwa, sijaiona! Umeweza kusaini hivyo hivyo?" Jamani, bado alikuwa anamhangaikia *yeye*, mzee.

Dirisha la Idella lilikuwa limeshafungwa.

"Sikujiandikisha, Verlene," Hakimu akasema taratibu. "Ulipotoka tu ikanijia ghafla. Uzee, moyo huu... Nikaona nipumzike. Bahati nzuri Preston alikuwa na fomu."

"Bahati nzuri?"

"Mungu ana mipango yake, mama."

Preston akafuta makombo ya keki mdomoni. "Tutafanya kazi pamoja, Mama Verlene. Mimi hizo hukumu hata pa kuanzia sipajui."

Na nusu ya moyo wa Verlene, ninyi msimcheke, ilitaka kuamini. Miaka kumi na tisa si mchezo. Mtu huchoka ghafla. Angekuwapo, mzee angemwambia yeye kwanza, naye angetoa fomu yake palepale. Ni bahati mbaya tu, alijiambia.

Idella akachapa orodha ya wagombea ya kubandika mlangoni. Akamnyooshea Hakimu. "Isome, Mheshimiwa, kama kawaida yako."

Mzee akaipokea. Mkono wake mwingine, kwa mazoea tu, ukaingia mfuko wa ndani wa koti, ukatoka na miwani, ukaiweka puani.

"Hakimu wa Mahakama ya Kaunti," akasoma kwa sauti, "Preston Gad—"

Chumba kizima kilikuwa kinaitazama miwani. Idella ndipo alipomtazama Verlene usoni, kwa mara ya kwanza siku hiyo, macho yamemjaa machozi.

"Ulijua," Verlene akamwambia.

"Tangu Jumatano," Idella akanong'ona.

Hakimu aliivua miwani, akawa hajui aiweke wapi.

"Kwa kaburi la Clarice," Verlene alisema. Akatoa funguo za chemba, akaziweka mkononi mwa Preston.

"Hukumu ya yule mjane wa shamba la Moseley inasomwa Jumatatu saa tatu," alimwambia. "Haijaandikwa hata mstari. Iandike."

Mkoba wake ulikuwa palepale kitini, na fomu ndani yake imejazwa yote, imebaki kukabidhiwa tu. Akauchukua, akaibeba na keki iliyobaki, akaenda zake.