Sehemu ya Nne Haijaiva

Mwaka 1996, mwezi wa Agosti, kundi la Cheptoo lilikuwa limebakiza siku nne tu. Ndivyo ilivyosema karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya shamba: majani ya Kundi la Pili yasipofika asilimia sabini ya ubora kufikia Jumamosi, wachumaji wake arobaini watagawanywa katika makundi mengine, na nyapara wao atarudi kubeba kikapu. Nyapara mwenyewe ndiye Cheptoo, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo katika shamba lile la chai upande wa Kimulot. Walikuwepo wanaume wasiopungua watatu waliokwisha kujitayarisha kumwambia, si tulisema?

Kilichomuuma zaidi ni kwamba ugonjwa aliujua. Kundi zima liliujua. Mwisho wa Mei mvua ya mawe iliipiga sehemu ya nne ya shamba ikaichanachana, na tangu hapo majani yake yalichelewa. Sehemu ya tisa, kule karibu na mto, haikuguswa na jiwe hata moja, nayo ilikuwa ikiiva mapema na kukomaa mno huku ikingoja zamu yake. Lakini Bwana Thuo, meneja mpya aliyekuja Juni kutoka Nyeri, alikuwa amechora ratiba ya siku kumi kwa kalamu za rangi, ikianza na ya nne na kuishia na ya tisa. Ilikuwa ratiba nzuri kweli, ya kutundikwa sebuleni. Shida ni kwamba chai haijui kusoma.

Basi mbona hakuna aliyemwambia? Usicheke. Kila asubuhi wakati wa kuita majina, Bwana Thuo alisimama mbele yao akauliza, "Hamjambo? Kuna shida yoyote?" Sauti arobaini zikajibu, "Hakuna." Kwa Cheptoo na wenzake hiyo ilikuwa salamu na jibu lake. Mtu aliyesimama na ufunguo wa pikipiki mkononi huambiwa kwema, hata kama paa lako linaungua. Shida huambiwa mtu aliyeketi, akapewa chai, akaimaliza. Bwana Thuo alisikia hakuna, akaandika hakuna, akawasha pikipiki yake. Majibu ya kiwandani yaliporudi asilimia hamsini na nne, akaamua kwamba watu hawa ni wavivu. Wao nao wakaamua kwamba mtu huyu ana kiburi.

Jumatano saa nne asubuhi, mvua iliteremka kutoka msitu wa Mau bila kubisha hodi. Kundi likakimbilia banda la kupimia majani. Meneja, aliyekuwa amekwama matopeni na pikipiki yake, akaingia nyuma yao akiwa ameloa chapachapa. Yunia, mchumaji wa makamo kutoka Chepilat, alikipindua kikapu chake na kukipigapiga.

"Kaa hapa, Bwana Thuo. Chai hainywewi na mtu amesimama kama askari."

Akaketi. Akapewa kikombe cha bati chenye chai ya maziwa, akakimaliza, Yunia akamjazia cha pili. Cheptoo alimtazama akinywa. Wenzake wote walijifanya wanatazama mvua, kumbe wanamngoja yeye. Aliogopa, lakini aliiogopa zaidi Jumamosi.

"Bwana Thuo," alisema, "kuna shida."

Meneja alishusha kikombe. "Si asubuhi mmesema hakuna?"

"Asubuhi ulikuwa unatusalimia. Saa hii umekaa na sisi." Maneno yakaanza kumtoka yenyewe. "Hiyo ya nne mawe ilipiga kabla ukuje. Tukiingia huko kesho, tunachuma watoto. Halafu tukifika ya tisa wiki ijayo, tunapata wazee. Na factory haitaki watoto, haitaki wazee."

Thuo alikunja uso. "Miezi miwili mnaniangalia tu nikikosea?"

"Na wewe miezi miwili unatubandikia karatasi kwa mlango," Yunia alisema taratibu. "Mimi karatasi sijui kusoma. Mimi nasoma chai."

Thuo alikimaliza kikombe cha pili. Kisha akamgeukia Cheptoo.

"Kesho mnataka kuingia wapi?"

"Ya tisa."

"Ikiharibika, mimi pia naitwa kwa wakubwa Kericho."

"Basi tutaitwa wote," alisema Cheptoo, na ujasiri wake ukamshangaza mwenyewe.

Alhamisi waliingia ya tisa, na sijui kama shamba lile liliwahi kuona uchumaji wa namna ile. Majani mawili na chipukizi lake, majani mawili na chipukizi lake, mikono inapaa, vicheko vinavuka mistari. Thuo aliiacha pikipiki, akavaa gambuti, akapita kati yao akiuliza hili na lile. Alifundishwa na Yunia kuona jani lililopitiliza, akakosea, akachekwa, akacheka pia. Cheptoo alirudi nyumbani akiimba.

Jumamosi saa saba walimsikia Gekara, dereva wa trekta, akipiga honi tangu kona ya bwawa. Honi ya Gekara haikuwa ushahidi wa habari njema, maana yeye hata ng'ombe wake mwenyewe humpigia honi. Alimkabidhi meneja karatasi ya kiwanda. Thuo aliisoma, akaisoma tena, akampa Cheptoo.

"Themanini na moja," Cheptoo alisema, akaiinua karatasi juu.

Yunia alipiga vigelegele hadi kundi la jirani likaacha kazi kutazama. Watu walikumbatiana na vikapu mgongoni. Hakuna wa kugawanywa, hakuna wa kushushwa. Thuo naye alipanda juu ya trekta, kofia mkononi, uso unang'aa kama wa bwana harusi.

"Jumatatu," alitangaza, "tunaingia sehemu ya nne!"

Wote wakapiga makofi. Cheptoo alitazama ng'ambo, kwenye sehemu ya nne, akaona wazi kwamba bado. Meneja alikuwa amesimama juu, anatabasamu, na siku ilikuwa tamu mno. Kusema ndiyo kungekuwa rahisi kuliko kumeza mate.

"Hapana," alisema.

Makofi yakakatika.

"Ya nne haijaiva. Labda Jumatano."

Thuo aliteremka kwenye trekta, akatoa kalamu mfukoni.

"Jumatano asubuhi," aliuliza, "ama mchana?"