Kamba ya Kuni

Chelagat alizaliwa Kapsowar, na kuhusu kuni hakuna aliyekuwa na la kumwambia. Nyumba waliyopanga Wheaton, Marekani, ilikuwa na hita ya kupasha kila chumba, lakini sebuleni kulikuwa na meko ya matofali, naye aliamini kwamba nyumba isiyo na moto unaoonekana ni stoo ya kuwekea watu. Basi kila Novemba, Jumamosi ambayo hakuwa na zamu kule anakotunza wazee, aliwapakia garini mumewe Kipchumba na binti yao Bridget, wakaenda kuokota kuni katika kijisitu nyuma ya kanisa lao. Mchungaji alishukuru tu kuona miti iliyoangushwa na dhoruba ikipungua.

Bridget alizipenda siku hizo, ingawa kwa msichana wa miaka kumi na mitatu hilo ni jambo la kuficha. Alibishana na mama yake njia nzima: kuhusu muziki, kuhusu ugali, kuhusu kwa nini wasinunue kuni pale kituo cha mafuta kama watu wengine. Mama alisema kwa Kiswahili, mtoto akajibu kwa Kiingereza, na Kipchumba akaendesha kimya kama dereva wa kukodiwa.

Mwaka juzi walisahau kamba nyumbani. Kipchumba alitaka wairudie, Chelagat akamcheka. Kwao, msitu unaokupa kuni hukupa na kamba ya kuzifungia. Akatazama huku na huku, akauona mmea mtambaazi mnene wenye manyoya umeparamia mti wa mwaloni. Akaukata kwa panga, akauvuta chini.

"Mom, don't touch that," Bridget alisema. "Hiyo ni poison ivy. Walitufundisha shule. Ikikugusa ngozi inavimba."

"Haina hata jani moja."

"Hata bila majani. Iko na sumu ndani yake. Please, Mom."

"Mimi ndiye najua kuni," Chelagat akasema. "Wewe umezaliwa kwa hita, utanifundisha nini? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Kipchumba alikohoa, akaendelea kupasua gogo lake. Kikohozi hicho kingekuja kumnyima usingizi, lakini hiyo ni habari yake.

Chelagat alifunga mzigo, akambebesha binti mgongoni, na ule mtambaazi akaupitisha kwenye paji la uso wa mtoto, vile alivyofundishwa na mama yake mzazi. Mikononi yeye alikuwa amevaa glavu za ngozi. Bridget alimtazama baba yake, baba akatazama shoka, mtoto akainama akabeba hadi garini. Chelagat alimpiga picha akaituma kwa dada zake Kenya: msichana wa nyumbani huyu. Moyo wake ulijaa fahari, na hilo ndilo linalomuuma zaidi akilikumbuka.

Kufikia Jumatatu uso wa Bridget ulikuwa umeumuka kama unga wa mandazi, macho yamefumba, malengelenge yametambaa kutoka kwenye paji hadi shingoni. Daktari aliuliza ni nani aliyemfunga mmea ule kichwani. Chelagat alikuwa amekaa papo hapo, mkoba mapajani.

"It was me," Bridget alisema kwa midomo iliyovimba. "Nilikuwa nacheza tu."

Daktari akamtazama mama, na mama akaacha uongo ule upite. Njiani kurudi alisema pole, na nyumbani akasema tena pole, akapika chapati za maji alizozipenda mtoto, akamkanda uso kwa kitambaa baridi. Lakini pole huambiwa hata mtu aliyejikwaa barabarani. Nisamehe ndilo neno lililotakiwa, na kwao mzazi hamwambii mtoto neno hilo. Akaliahirisha hadi uso upone. Uso ulipopona, akaona aibu kuchokoza jambo lililokwisha.

Halikuwa limekwisha. Bridget aliacha kubisha. Ugali alikula, muziki alizima alipoambiwa, kila alichoulizwa alijibu "okay, Mom." Wenzake kanisani walimsifu Chelagat kwa malezi, na kila sifa ilimchoma. Methali yake ilisema habari za asiyesikia la mkuu. Huyu alisikia, akaumia, na mkuu akanyamaza.

Novemba iliyopita walirudi kijisituni, safari hii na kamba mbili za dukani. Njia nzima gari lilikuwa kimya. Walipokuwa wakikusanya matawi, Chelagat aliona mtambaazi mwingine wenye manyoya, umekumbatia shina. Bridget alikuwa karibu, kijigogo mikononi. Mama akavua glavu. Akaunyosha mkono mtupu kuelekea ule mti, polepole, akingoja kukatazwa. Alitamani kukaripiwa, aambiwe kwa Kiingereza chochote kile kwamba hajui kitu.

"Bridget," akaita. "Huu nao je? Tufungie?"

Msichana aliuona mtambaazi. Akauona na mkono wa mama yake.

"Wewe ndiye unajua kuni, Mom," akasema, kwa adabu zote.

"Mama Bridget, toa mkono hapo," Kipchumba akaita kutoka nyuma.

Akautoa. Sauti aliyokuwa akiingoja haikuwa hiyo, na Bridget alikwisha kujitwika kijigogo chake, anaelekea garini.