Nakuja Haisemwi Humu Ndani

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mume wangu hukaa kwenye ngazi ya mlangoni na kufunga kamba za viatu, cha kushoto kwanza. Kisha hunyanyua sanduku lake la mawe ya mizani na kusema, "Naenda kazini. Nitarudi saa kumi na moja." Mimi hujibu "Haya", au huguna tu, kwa sababu saa hiyo huwa nimeshakaa kwenye cherehani na pini zimejaa mdomoni. Tumeishi hivyo miaka kumi na miwili.

Jumanne ile alifunga kamba, akanyanyua sanduku, akasema, "Nakuja."

Akatoka.

Mguu wangu uliganda juu ya pedali. Nilitaka kumwita, lakini nilikuwa na pini nane mdomoni, na nilipomaliza kuzitemea kiganjani alikuwa ameshapinda kona ya duka la dawa.

Najua kila mtu husema hivyo. Mtu ameshika kitasa, anakuacha, anakuambia nakuja, na wewe unaelewa kwamba anakwenda na atarudi. Fundi bomba ameniambia nakuja tangu mwaka juzi. Lakini nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa halisemwi.

Lilikatazwa mwezi wa kwanza wa ndoa. Nilikuwa nakwenda kununua vifungo, nikamwambia nakuja, nikakutana na rafiki yangu wa chuo cha ushonaji, tukapiga soga kama saa nzima. Niliporudi nilimkuta mume wangu amesimama katikati ya barabara na soksi tu miguuni, jasho linamtiririka.

"Usiniambie nakuja wakati unaondoka," alisema.

Nikacheka. "Sasa niseme nini?"

"Sema unakokwenda. Sema utarudi saa ngapi."

Nilidhani ni kazi yake inayomtuma. Mume wangu ni fundi wa mizani. Anazunguka madukani na sanduku lake, anapima mizani ya watu kwa mawe yake, na ikikosea hata kidogo anairekebisha na kuifunga lakiri ili isichezewe. Nikajisemea, nimeolewa na mtu wa vipimo, nitazoea. Nikazoea. Tulipompata binti yetu, huyu tunayemwita Kidoti kwa ile alama ya shavuni, naye akakua hivyo hivyo. Mwalimu wake aliwahi kuniambia, "Mama Kidoti, wenzake wakitaka kwenda chooni wananyoosha kidole. Mwanao ananipa ratiba."

Jumanne hiyo mume wangu hakurudi saa kumi na moja. Alirudi saa moja na nusu, ndevu zake zenye mvi zimekuwa nyeusi tii.

Kidoti alimkodolea macho. "Baba, umekunywa wino?"

Alicheka, akambeba, na mimi nikacheka pia kwa sababu niliogopa. Ilikuwa miezi mitatu sasa tangu aanze mambo yasiyo yake. Alinunua suruali mbili za kubana kama za vijana wa sekondari. Alianza kukimbia asubuhi, akaacha. Alianza kujifunza kuogelea, akaacha. Chakula alikuwa anakitazama kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Nilimpeleka kwa mama mmoja, mshauri wa hospitali, akajibu kila swali kwa namba. Unalala vizuri? Saa sita. Unampenda mkeo? Miaka kumi na miwili. Mshauri alinitazama, nikatazama viatu vyangu.

Mimi si mtu wa kupaza sauti. Mteja akinilaumu kwa kosa lake mwenyewe naishia kumshukuru. Kwa hiyo kuhusu ile nakuja sikusema kitu.

Jumatano mkuu wa karakana yake alipiga simu.

"Shemeji, mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa yupi?"

"Si huyo mwenye mgongo. Leo siku ya tisa."

"Mgongo wake," nilisema. Mume wangu alikuwa ametoka asubuhi ile ile na sanduku mkononi. "Anaendelea vizuri."

"Haya, mwambie asijilazimishe," alisema mkuu wa karakana, na kwa jinsi alivyosema polepole nilijua ameelewa.

Nilifunga cherehani nikaenda kwa wifi yangu, dada yake mkubwa, ambaye ana saluni. Alikuwa anamchana mteja.

"Karibu wifi, mbona uso kama pasi baridi? Ni zile ndevu alizopita nazo hapa asubuhi? Mwache. Kaka yangu amefika umri wa kujichovya kwenye rangi ya viatu. Wanaume wote hupitia hapo, wengine hununua pikipiki. Shukuru wewe umepata ndevu."

"Jana aliniambia nakuja," nilisema.

Kitana kilisimama kichwani mwa mteja.

"Yeye? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Wifi alimwomba mteja samahani, akanivuta nyuma ya pazia, kwenye ndoo za taulo.

"Tulikuwa tumekaa ngazini nyumbani kwetu, mimi na yeye," alisema. "Ana miaka saba, kama Kidoti wako. Baba akatoka na betri ya redio, anakwenda kuichaji. Kaka akataka kumfuata. Baba akamwambia, kaa hapo, nakuja. Basi, akakaa hapo."

"Mpaka lini?"

"Siku hiyo mpaka giza. Kesho yake tena. Shule akagoma, eti baba atakuja na hatamkuta. Mama kila akiulizwa anajibu, anakuja mwanangu, anakuja. Na wiki ya pili tu mama alishajua kwamba mzee ana nyumba nyingine huko mji wa pili, na watoto pia. Alishindwa kumwambia. Alimwonea huruma. Kaka alikuja kuambiwa na muuza mkaa, ana miaka kumi na saba, ndevu zimeanza kuota."

"Hajawahi kuniambia."

"Angekuambia nini? Na miezi mitatu iliyopita mzee akafa. Nikampigia, twende tukazike. Akaniambia, 'Kwa nini niende mimi? Yeye ndiye aliyesema anakuja.'"

Wifi alijifuta macho kwa taulo ya mteja. Kisha akarudi kuchana.

Alhamisi nilikuwa napunguza urefu wa moja ya zile suruali, aliniomba mwenyewe, na mfukoni nikakuta ufunguo. Mtu mwingine angeuficha ufunguo wa siri bila alama yoyote. Mume wangu alikuwa ameufunga kipande cha waya wa lakiri na kibati, na kwenye kibati ameandika kwa mwandiko wake wa karakana: Chumba 6, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Hawezi kuacha kitu bila lebo.

Njiani kwenda huko nilipanga nitakavyomwambia mwanamke niliyedhani nitamkuta. Niliyapanga maneno vizuri, na nilijua sitayasema.

Mlango ulikuwa wazi, ufunguo wa pili umechomekwa kitasani. Chumbani hamkuwa na kitanda, hamkuwa na pazia. Kulikuwa na kiti cha plastiki, sanduku la mawe ya mizani, na mume wangu amekaa akitazama dirishani, ambako hakuonekani kitu ila ukuta wa kiwanda. Hakushtuka.

"Yuko wapi?" niliuliza.

"Nani?"

"Mwanamke."

"Tafuta."

Nilitafuta kweli, ndani ya chumba kitupu, nikageuka mzunguko mzima. Hapakuwa na mtu.

"Afadhali angekuwepo," nilisema.

Alicheka kidogo, akanyanyuka akaniachia kiti. Nilikaa. Yeye akakaa juu ya sanduku.

"Wifi yako amekueleza."

"Amenieleza."

"Basi." Alizungusha kile kibati cha ufunguo nilichomrudishia. "Waliponiambia amekufa, Mama Kidoti, nilikuwa kama mtu aliyepanga foleni, halafu wakatoka wakasema tumefunga, nendeni. Nikatazama huku na huku. Nina miaka arobaini na sita. Ndevu zina mvi. Sijui zimeota lini. Nilikuoa nikiwa bado nimekaa pale ngazini. Mtu akibisha hodi, kabla sijakuangalia wewe, naangalia kama ni yeye. Hata siku Kidoti anazaliwa, muuguzi alifungua mlango, nikaangalia nyuma yake."

"Na hapa?"

"Hapa hakuna atakayekuja. Hakuna anayepajua."

"Mimi nimekuja."

"Wewe umesoma lebo."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikafanya lile ninaloliweza, nikapanga mambo. Nikamwambia tutahama. Nikamwambia tutarudi kwa mshauri, safari hii nami nitazungumza. Nikamwambia kama ni ngazi yetu ya mlangoni, nitamwita mwashi kesho aivunje, tutaingia kwa kuruka. Alinisikiliza kwa upole, na upole huo ndio ulionikatisha tamaa. Mtu anayebishana bado yupo.

"Wewe hujakosa kitu," alisema. "Ningekupima ungekuwa sawasawa. Mimi ndiye nisiye na jiwe la kuweka upande wa pili."

"Kidoti je?"

Alinyanyuka, akafunga mlango. Alinisindikiza mpaka barabarani, na siku hiyo tulirudi nyumbani pamoja, akala, akamsaidia Kidoti hesabu. Ijumaa ilipita namna hiyo hiyo, kama mgeni mwenye adabu.

Jumamosi asubuhi alikaa ngazini kama kawaida, akafunga kamba, cha kushoto kwanza. Lakini sanduku la mawe aliliacha chini ya meza. Alichukua begi la nguo. Nilikuwa nakata sare, chaki mkononi, nikatazama lile sanduku, nikajua. Sikutokwa na machozi. Nilijisikia kama kitambaa ambacho mkasi umeshapita katikati, bado kimelala mezani kama kizima.

Kidoti alikuwa anakunywa chai. "Baba, unaenda wapi? Utarudi saa ngapi?"

Yeye ndiye aliyemfundisha kuuliza hivyo. Alimshika kichwa. Mdomo wake ulijaribu jambo ukaliacha.

"Nakuja," alisema.

"Nakuja ni saa ngapi?"

Alikuwa ameshatoka.

Kidoti aliweka kikombe. Alikwenda mlangoni, akakunja sketi vizuri chini ya magoti, akakaa ngazini.

"Unafanya nini hapo, mama?" nilimuuliza.

"Namsubiri baba. Amesema anakuja."

Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, tamu, limeshafika kwenye ulimi: ndiyo mwanangu, anakuja. Nililiona kabisa jinsi litakavyomtuliza, na jinsi nitakavyolisema kesho, na kesho kutwa.

Nikakimbia. Nilimruka pale ngazini nikatoka na futi shingoni na ndala moja. Mimi, ambaye hata gari huwa nasubiri lipite mbali, nilikimbia katikati ya barabara napiga kelele, "Baba Kidoti! Wewe! Simama!" Muuza dawa alitoka nje. Majirani wawili walifungua madirisha, na mmoja akasema, "Leo fundi cherehani ameamka na mguu gani?"

Nilimfikia kwenye kona. Alisimama lakini hakunigeukia.

"Usinifanyie hivi barabarani," alisema.

"Sikuombi ubaki." Pumzi ilikuwa imenikata. "Nimeshaona huwezi. Nenda. Lakini amekaa."

"Nani?"

"Kidoti. Amekunja sketi, amekaa ngazini. Anasema amesikia unakuja."

Aligeuka. Zile ndevu nyeusi zilikuwa zimeanza kutoa mvi chini, mstari mwembamba kama pindo lisiloshonwa. Uso wake sijawahi kuuona vile, ulikuwa wa mtoto.

"Amekaa?"

"Mimi nilitaka kumwambia anakuja. Nilikaribia. Hata nikiponea leo, kesho nitamwambia. Mwambie wewe."

"Siwezi."

"Hata baba yako hakuweza."

Nilijuta hapo hapo. Lakini aliliinua begi akarudi, mimi nyuma yake nikichechemea na ndala yangu moja, na watu wakarudishia madirisha.

Kidoti alituona tukitokea kona. Alisimama akipiga makofi.

"Umekuja! Mama, si nilikuambia? Amekuja!"

Mume wangu aliweka begi chini. Alichuchumaa mbele ya ngazi, usawa wa macho ya Kidoti, akamshika mikono miwili.

"Umesahau nini, baba?"

"Kukujibu. Niulize tena."

Kidoti alinitazama, kama anauliza huu ni mchezo gani. Nilimwashiria kwa kichwa aulize.

"Unaenda wapi?" aliuliza.

"Mbali. Mji mwingine."

"Utarudi saa ngapi?"

Aliinamisha kichwa.

"Sirudi," alisema. "Naondoka, mwanangu. Usikae hapa kunisubiri. Sirudi."