Kiunzi cha Nyuma ya Jiko

Niliusikia mguu ukigonga mbao kabla sijamwona mtu akianguka. Tok. Mlio mkavu, mmoja, nami nikainuka kitini kama mtu aliyeitwa.

Binti yangu alikuwa hatua chache nyuma ya yule aliyeanguka.

Ilikuwa fainali ya wanawake ya mbio za kuruka viunzi na maji, mashindano ya bara zima. Wanaume walikuwa wametoka kukimbia muda si mrefu. Viunzi vyao ni virefu kuliko vya wanawake kwa zaidi ya upana wa kiganja, kwa hiyo wasimamizi walipita wakivishusha. Kimoja wakakisahau. Ukiwa mbioni, umebanwa katikati ya kundi, huna nafasi ya kupima kimo. Mguu unaamini kwamba kiunzi hiki ni sawa na kilichopita.

Mguu wa binti yangu haukuwahi kuamini hivyo.

Baba yake alikuwa seremala. Akinihitaji karakanani haiti. Anagonga mbao kwa nyundo mara moja, tok, nami naacha sufuria naenda kumshikia upande wa pili. Panzi, ndivyo alivyomwita binti yetu, alipochaguliwa timu ya shule, mume wangu alibeba futi yake akaenda kupima kiunzi, akarudi akatengeneza cha kwake na kukisimika nyuma ya jiko. Kumbe amepima cha wavulana. Hakuuliza mtu. Fundi mzima aulize kimo cha mbao?

Kocha alipokiona alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, hiki cha wanaume!"

"Vizuri. Akikizoea hiki, vyenu atavipita akipiga miayo."

Hata hivyo aliahidi kukikata miguu. Moyo wake ukasimama kabla, randa ikiwa mkononi.

Nikakataa kisiguswe. Kocha alinijia mara nyingi. "Mama Panzi, mtoto anaruka juu mno. Uwanjani namfundisha kushuka, akirudi kwako anapanda tena. Medali anaiacha hewani."

Panzi naye alinibembeleza. "Mama, ni mbao tu."

"Kama ni mbao tu, mbona inakusumbua?"

Nilisomea kazi ya maabara chuoni na siamini mizimu. Lakini kila alfajiri kisigino chake kilipogusa ile mbao, tok, nilijikuta nimeshafika mlangoni nikifuta mikono.

Sasa nilikuwa nimesimama jukwaani, na Panzi akaruka. Juu mno, kama kawaida yake. Alikipita kiunzi, akampita na msichana aliyelala upande wa pili, akatua salama. Niligeuka kumwambia mtu, "Umeona?" Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na mkoba wangu tu.

Wasimamizi walikimbia kukishusha kiunzi. Yule msichana walimtoa kwa machela, akimwita mama yake, na mpaka leo sauti ile ninayo. Mbio zikaendelea. Panzi akaendelea kuruka juu, kiunzi kwa kiunzi, huku wenzake wakivipita kama wanaopangusa vumbi. Akamaliza wa nne.

Alinijia akiwa bado amelowana.

"Umekiona kile?"

"Nimekiona."

"Mguu wangu ulikijua, Mama." Akavua kiatu, akamwaga maji, akakaa anakitazama. "Wanasema goti la yule dada limekwisha. Lingekuwa langu."

Nikakipokea kile kiatu, nikakikung'uta maji yaliyobaki.

"Baba keshanivusha. Sasa mwache."

Tuliporudi nyumbani nilitoa msumeno mwenyewe. Panzi akapiga mstari kwa penseli, akaipachika nyuma ya sikio bila kufikiri, kisha akaniambia nishike upande wa pili. Nikashika. Mbao ile ilikuwa ngumu; tulikata mpaka jasho likaingia machoni, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kama ni jasho.

Siku hizi anaruka chini. Medali ziko sebuleni, nazifuta vumbi Jumamosi.

Vile vipande vya miguu sikuvitupa. Nimeviweka nyuma ya mlango wa jikoni, usibamizwe ukutani. Upepo ukivuma mlango unavigonga, mara moja, na mimi naacha sufuria naitika, "Abee," kabla sijakumbuka.