Upande wa Tumbili

Seng'enge iliyozunguka ghala la vito kule Karen ilipitishwa waya mwembamba. Mtu akiigusa tu, king'ora kililia eneo zima, hadi ndani ya chumba cha ulinzi alimokaa Lornah akiangalia mitambo. Shida ilikuwa tumbili. Kila siku walitoka msituni wakakwea upande wa nyuma, na king'ora hakikumpa Lornah nafasi ya kupumua. Mchana mmoja uvumilivu ukamwishia, akauzima upande huo bila kumwambia mtu.

Alasiri ya siku hiyohiyo majambazi wakapitia upande huohuo. Oduor, mlinzi wa nyuma, alipigwa nondo akavunjika mkono.

Siku ya pili mkuu wa usalama, Bwana Harbhajan, alimwita Oduor ofisini, mkono wake ukiwa ndani ya plasta.

"Ulisikia king'ora ukajificha," alimwambia.

"Hakikulia, mkubwa."

"Mitambo hii haidanganyi. Vua sare."

Lornah alikuwa amesimama mlangoni. Alijua akinyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini alimwona Oduor akihangaika kufungua vifungo kwa mkono mmoja, ikamshinda.

"Hakikulia kwa sababu nilikizima mimi," alisema.

Oduor alibaki kazini. Lornah akafutwa kazi. Alipokuwa akitoka alimkuta Oduor langoni.

"Nisamehe, kaka."

"Ungeniambia tu umezima, Lornah. Ningesimama pale mwenyewe nikachunga."

Lornah aliinamisha kichwa, akatoka.